Ofisi ya Mandela na Tambo: Je, Siasa Iliwaponza Wateja?

Wakili anapojiingiza katika masuala ya umma, hawakosekani wa kumkumbusha kwamba kazi yake ni majalada ya wateja, na siasa ina wenyewe. Hoja hiyo inaweza kutegemezwa kwa mfano ambao kwa kawaida hutajwa kwa kusudi la kinyume, nao ni ofisi ya mawakili Nelson Mandela na Oliver Tambo, wapinzani wa utawala wa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, iliyofunguliwa mwaka 1952 katika jengo la Chancellor House, Johannesburg, hatua chache kutoka Mahakama ya Hakimu. Ofisi hiyo haikutimiza hata miaka kumi.

Wanaoikosoa wana ushahidi. Desemba 1952 Mandela alitiwa hatiani kwa kuongoza kampeni ya kukaidi sheria dhalimu, akahukumiwa kifungo cha miezi tisa kilichoahirishwa kwa miaka miwili. Zikafuata amri zilizomzuia kutoka nje ya Johannesburg, hivyo mteja wa mji mwingine akamkosa. Desemba 1956 washirika wote wawili walikuwa miongoni mwa watu 156 waliokamatwa kwa tuhuma za uhaini, na ingawa Tambo alifutiwa mashtaka mapema, Mandela alibaki mshtakiwa hadi Machi 1961, huku kesi yenyewe ikihamishiwa Pretoria mwaka 1958. Mtu ambaye shauri lake liliitwa asubuhi ambayo wakili wake yuko kizimbani mwenyewe hakupata nafuu yoyote kutokana na ushujaa wa wakili huyo. Wanaomsifu Mandela wangefanya vyema kulikubali hili waziwazi.

Hata hivyo, hoja hiyo inachukulia kwamba palikuwa na njia ya pili, yaani ofisi tulivu isiyogusa siasa, ambayo wawili hawa waliikataa kwa hiari yao. Tuwatazame waliokuwa wakijipanga kwenye ngazi na korido za Chancellor House: mtu aliyekamatwa bila pasi, yaani hati ambayo Mwafrika alilazimika kutembea nayo, mtu aliyekutwa barabarani baada ya saa ya marufuku, mwanamke aliyeshtakiwa kwa kupika pombe ya kienyeji, mkulima anayeondolewa kwenye ardhi ambayo ukoo wake umeilima vizazi kadhaa. Kutokuwa na kazi kulikuwa kosa, na kufanya kazi mahali pasiporuhusiwa kulikuwa kosa vilevile. Kumtetea mteja wa namna hiyo, hata kwa shauri dogo la faini, kulikuwa tayari ni kuihoji serikali.

Kinachosahaulika zaidi ni suala la kupanga ofisi yenyewe. Sheria za makazi ya mijini zilimtaka Mwafrika awe na kibali cha serikali ndipo apange ofisi katikati ya jiji, na Chancellor House, mali ya Wahindi, lilikuwa mojawapo ya majengo machache yaliyoweza kumpokea. Waliomba kibali wakakataliwa. Walipopewa cha muda, kikaisha bila kuongezwa, kisha wakaelekezwa kuhamia kitongoji cha Waafrika kilichokuwa mbali na jiji. Amri hiyo si ndogo kama inavyosikika. Wateja wao walikuwa vibarua na watumishi wa majumbani, watu ambao saa za kazi huwakuta mjini na ambao mahakama huwaitia mjini. Wakili aliyewekwa mbali kiasi hicho angekuwa na leseni ukutani na viti vitupu mbele yake. Walibaki walipokuwa, kinyume cha sheria. Kwa hiyo anayesema wangetii sheria ili wawahudumie wateja hana budi kueleza wateja hao wangefika vipi.

Mwaka 1954 Chama cha Mawakili cha Transvaal, jimbo lenye jiji la Johannesburg, kiliiomba mahakama imfute Mandela kwenye orodha ya mawakili kwa sababu ya hukumu ya 1952. Walter Pollak, wakili mwandamizi wa Kizungu, alimtetea bila ada, na Jaji Ramsbottom akalikataa ombi hilo akiona kwamba kosa lililotokana na imani ya kisiasa halikuonyesha kuwa mtu huyo hana uaminifu wala heshima inayotakiwa katika taaluma. Sikubali kwamba jaji alimhurumia; alitenganisha mambo mawili ambayo Chama kiliyachanganya kwa makusudi. Ni kweli pia kwamba mstari huo haukuheshimiwa siku zote, kwani mwaka 1965 Bram Fischer, aliyeongoza utetezi katika kesi ya Rivonia, ile iliyompeleka Mandela kifungo cha maisha mwaka 1964, alifutwa uwakili baada ya kutoroka akiwa nje kwa dhamana, na hakurejeshewa hadhi hiyo hadi mwaka 2003, miaka mingi baada ya kifo chake.

Baada ya mauaji ya Sharpeville mwaka 1960, polisi walipowafyatulia risasi waandamanaji, Tambo alitumwa nje ya nchi kukiwakilisha chama chao cha ANC, na ofisi ikafungwa. Hapo ndipo tungetarajia wateja walioponzwa na siasa watafute wakili mwingine asiye na makuu. Badala yake walimfuata Mandela hadi kwenye nyumba ya kupanga ya rafiki yake Ahmed Kathrada, katika jengo la Kholvad House, wakaijaza kiasi kwamba Kathrada alibakiwa na jiko tu.