Kata ikitaka kutoka jijini, iachwe itoke

Mjomba wangu analima uwele na karanga, anafuga mbuzi, na akitaka kuomba moto kwa jirani inabidi atembee. Kwenye makaratasi yeye ni mkazi wa jiji. Nilipomtembelea majuzi niliwakuta wazee wenzake wamekaa kivulini wakizungumza jambo moja tu: kata yao itolewe Jiji la Dodoma, ihamie Halmashauri ya Wilaya ya Chamwino iliyo jirani. Kata yenyewe siitaji, maana shauri bado ni lao na halijaandikwa popote. Mimi nimeshachagua upande. Nawaunga mkono.

Asiyeijua Dodoma atauliza mkulima wa uwele ameingiaje jijini. Jiji hili lina kilomita za mraba 2,769. Mkoa mzima wa Dar es Salaam, ukijumlisha Kinondoni, Ilala, Temeke, Ubungo na Kigamboni, una 1,393. Yaani Dodoma ni karibu mara mbili yake, na Sensa ya 2022 ilihesabu humo watu 765,179 tu. Ukitoka mjini kuelekea Hombolo au Mpunguzi utapita mashamba na vichaka muda mrefu, na bado umo jijini. Serikali iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu ya nchi hapa na kuunda CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, isimamie ujenzi wake. CDA ilivunjwa Mei 2017, kazi zake zikaenda Manispaa, na tarehe 26 Aprili 2018 Manispaa ikatangazwa kuwa Jiji. Siku hiyo kila shamba lililokuwamo ndani ya mipaka likawa shamba la jijini, na maisha ya mwenye shamba yakabaki yaleyale.

Jina lina gharama. Januari 2022, bei ya kuunganishiwa umeme mijini iliporudi Sh320,960 huku ya vijijini ikibaki Sh27,000, wabunge walisimama kuwatetea watu wa mitaa ambayo ni vijiji kwa kila kitu isipokuwa jina. Nyumba mbili za bati zinatazamana, katikati pana mpaka wa halmashauri, na huyu akatakiwa kulipa zaidi ya mara kumi ya yule.

Lakini kilichonishawishi mimi si umeme. Ni ardhi.

Wilayani kata hugawanywa katika vijiji, jijini katika mitaa. Kijiji kina mkutano mkuu. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo msimamizi wa ardhi, ila haiwezi kumgawia mtu kipande mpaka mkutano mkuu uridhie. Na mkutano mkuu ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Mwenye ekari mia na mjane mwenye robo ekari, kila mmoja ananyoosha mkono wake mmoja. Kijiji kinaweza kukaa kikapanga matumizi ya ardhi yake: hapa malisho, hapa mashamba, hapa njia ya ng'ombe kwenda bwawani.

Mtaa hauna hayo. Mwenyekiti wa mtaa anaandika barua ya utambulisho, anasuluhisha ugomvi, anaitisha mkutano watu wasomewe taarifa. Ardhi hagawi, na mkutano wake hauna ardhi ya kuamulia. Ramani inachorwa kwa lugha ya mipango miji, yaani viwanja vya makazi, biashara na taasisi. Simlaumu ofisa yeyote, sheria ndivyo ilivyo, na kwa maeneo ya mjini kama Area C au Kisasa inafaa kabisa. Kwa mtu anayeishi kwa mbuzi na uwele haimfai. Najua pia kwamba ardhi ya kijiji si ngome. Rais anaweza kuihamisha kwa manufaa ya umma. Ila hata hapo sheria inataka notisi itolewe na wanakijiji wapewe nafasi ya kusema.

Wapo wanaopinga, na hoja zao nazichukua kwa uzito. Binti mmoja pale kwa mjomba alisema jiji lina mapato makubwa, kwa hiyo asilimia 10 inayokopeshwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni fungu nono kuliko la wilayani. Ni kweli, na hilo litawauma. Wengine wanasema bei ya ardhi inapanda kwa sababu ya barabara ya mzunguko na uwanja wa ndege wa Msalato, kutoka sasa ni kukimbia utajiri. Hapa mimi sikubali. Bei ikipanda anafaidi anayeuza, na wazee wale hawauzi. Wala kwenda Chamwino si kushuka: Ikulu yenyewe iko huko, na jengo lake jipya lilizinduliwa Mei 2023.

Njia ya kuhama ipo, ila ni ndefu. Shauri linaanzia kwenye mikutano ya wakazi, linapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, Baraza la Madiwani, Kamati ya Ushauri ya Wilaya, kisha ya Mkoa, ndipo lifike TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia mikoa na halmashauri. Hofu yangu iko kwenye Baraza la Madiwani, kwa sababu hakuna halmashauri inayopenda kupungua. Lakini mipaka hubadilika. Mwaka 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi iligawa Jimbo la Dodoma Mjini na kuanzisha Jimbo la Mtumba, kwa kuwa lile la awali lilikuwa limezidi kuwa kubwa. Kilichowezekana kwa ajili ya kura kiwezekane kwa ajili ya mashamba.

Wazee nimewaomba jambo moja: mkutano ukiitishwa, kura zihesabiwe mtaa kwa mtaa na ziandikwe kwenye muhtasari, za yule binti na wenzake zikiwemo. Mjomba amesema subiri wavune kwanza, watu sasa hivi wako mashambani wakifukuza ndege.