Rangi Mpya ya Nini?

Jamani, hii gari ya babu, Morris Minor, imewakosea nini? Nikiiegesha Darajani tu, kila mpita njia keshakuwa fundi: "Sheikh, ipige rangi!" Niipige kwa kosa gani? Kijani kilichopauka kwenye boneti ni kazi ya jua la Unguja, miaka na miaka. Pale mlangoni, karibu na kitasa, rangi imelika mpaka bati linang'ara: vidole vya babu hivyo. Kuna dawa ya kuvirejesha vikishapigwa msasa? Kutu naizuia kwa mafuta, juu napaka nta, basi. Na mafundi nao! Unamwambia azibe kitundu, unarudi unakuta putti mpaka kwenye taa. Mji Mkongwe uliingia Urithi wa Dunia mwaka 2000, nani aliuambia ujipake rangi kwanza? Jana kaja mwengine: "Itie nyekundu, itafaa harusi." Harusi ya nani?