Kamera ya studio ichaguliwe kuanzia kwenye waya

Anayetaka kupiga picha za bidhaa huku kamera imeungwa na kompyuta huanza na swali moja: megapikseli ngapi, yaani picha iwe na mamilioni mangapi ya nukta? Wapo watakaomwambia anunue nyingi kadiri mfuko unavyoruhusu, kwani picha ya bidhaa hukatwa, hukuzwa na kukaguliwa hadi mshono. Wapo watakaomwambia kamera ya miaka kumi iliyopita inatosha, fedha aziweke kwenye taa. Mimi naegemea hawa wa pili, ila si mzima mzima.

Tupige hesabu. Ukurasa wa A3 uliochapwa kwa nukta 300 kwa inchi unataka pikseli 4961 kwa 3508, yaani megapikseli 17 na kidogo. Kamera ya megapikseli 24 inaulipa na chenji inabaki. Picha ya duka la mtandaoni ndiyo usiseme.

Kisha ipo fizikia, ambayo haimwonei mtu haya. Ili chupa ionekane kali toka mbele hadi nyuma, mpiga picha hubana tundu la lenzi hadi f/16. Hapo mwanga hutawanyika, na kila nukta hutua kwenye sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, kama kiduara cha mikroni 21 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Pikseli ya Sony A7R IV, kamera ya megapikseli 61, haifiki mikroni 4 kwa upana. Kiduara kimoja kinafunika pikseli tano zikipangwa mstari, na sehemu kubwa ya ukali ulioununulia inaishia hapo. Kuukomboa kunataka ufungue tundu hadi f/8, upige picha kadhaa ukisogeza fokasi kidogo kidogo, kisha uziunganishe kwa programu. Kwa pete au saa ya mkononi, kazi hiyo inalipa. Kwa viatu 200 vinavyosubiri foleni, utazeeka.

Panaponibana ni kwenye nguo. Nyuzi za kitambaa zikigongana na mpangilio wa pikseli, picha huota mawimbi ya rangi ambayo kwenye shati lenyewe hayapo, na kuyafuta kwa mkono ni adhabu. Pikseli nyingi hupunguza balaa hilo. Anayepiga nguo kila siku akitaka megapikseli 45 au 61, sibishani naye.

Lakini wote wawili, wa nguo na wa chupa, wakishafika studioni wanakuta sifa nyingi zinazopamba matangazo ya kamera hazina kazi. Kamera iko kwenye tripodi, bidhaa haikimbii, mwanga unatoka kwenye flashi. Fokasi ya kufukuza ndege ya nini? Kinachobaki ni waya, programu na umeme.

Kwenye waya, umbo la tundu lisikudanganye. Canon EOS RP ya 2019 ina tundu la USB-C, ila kasi yake ni ya USB 2.0, hadi megabiti 480 kwa sekunde (megabiti nane ni megabaiti moja). Je, ni kasoro? Faili ghafi (RAW, picha kabla kamera haijaichakata) ya megapikseli 26 ina megabaiti 30 hivi, na inafika kwenye kompyuta kwa takriban sekunde moja. Chupa itangoja. Sasa pitisha kwenye kasi hiyohiyo faili ghafi isiyobanwa ya megapikseli 61, yenye megabaiti kama 120: sekunde tatu au nne kila picha, mteja amesimama nyuma yako anahema. Megapikseli na kasi ya waya ni za kuoana. Urefu nao una mipaka: USB 2.0 inavumilia mita 5, USB 3 ni kama mita 3, zaidi ya hapo tafuta waya wenye kikuza mawimbi.

Programu ya kuendesha kamera toka kwenye kompyuta haina maneno mengi. Canon wana EOS Utility, Nikon wana NX Tether, zote bure. Capture One ni ya kulipia na inapokea kamera za kampuni nyingi. Hakikisha modeli yako imo kwenye orodha kabla hujatoa fedha.

Umeme ndio watu husahau. Skrini ikionyesha picha moja kwa moja mchana kutwa, betri haimalizi kazi. Nimewahi kubadilisha betri katikati ya mfululizo wa fokasi. Kamera ikasogea unywele tu kwenye tripodi, nikaanza upya picha zote 18. Kamera inayopokea umeme wa USB ikiwa kazini, au inayokubali betri bandia ya kuchomeka ukutani, naipa alama kuliko megapikseli 20 za ziada.

Anayenunua iliyotumika aende na kompyuta yake na waya wake, apige picha 100 mfululizo mbele ya muuzaji huku akiutikisa waya kidogo. Ikikata hata mara moja, amrudishie mwenyewe.