Chembe haisambai sawa pande zote

Makala kuhusu mwendo wa chembe ndogo ndani ya fuwele kimiminika (kimiminika ambacho molekuli zake hujipanga kwa utaratibu) inaeleza vizuri jinsi watafiti wanavyofuatilia chembe hizo kwa kamera na hadubini, lakini inapodai kwamba chembe hizo hutangatanga sawasawa kila upande, inaueleza mwendo wa ndani ya maji, ule alioukokotoa Einstein mwaka 1905, si wa ndani ya fuwele kimiminika. Katika hali ya nematiki, mojawapo ya hali za fuwele kimiminika, molekuli ndefu hujipanga kuelekea upande mmoja, hivyo chembe husambaa upesi zaidi ikiufuata mpangilio huo kuliko ikiukata. Ukizichora hatua zake zote kutoka nukta moja, hupati duara bali duaradufu. Tena chembe yenyewe huupinda mpangilio wa molekuli zinazoizunguka, jambo ambalo, kwa maoni yangu, lilistahili aya nzima, kwa kuwa hubadilisha ukinzani ambao chembe huupata inaposogea.