Kaya nane, fundi mmoja

Tulinunua kiwanja kaya nane, Moshono hapa Arusha, kwa wazo moja: kila familia na nyumba yake ndogo, ila kisima, ukumbi, jiko kubwa na uwanja wa watoto viwe vya wote. Kule Denmark, mtindo huu ulikoanzia, kaya 27 zilihamia Sættedammen mwaka 1972. Sisi bado tuko kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, na kwa maoni yangu kinachotuchelewesha si fedha peke yake. Ni wingi wa mabosi.

Kaya nane ni wenye nyumba kumi na watano, na kila mmoja ana haki ya kupita saiti jioni akitoka kazini. Huyu anasema dirisha la ukumbi lisogee. Yule, ambaye baba yake alijenga nyumba tatu Machame (hilo tunakumbushwa kila kikao), anataka nondo ziongezwe. Fundi si mjinga. Anaitikia "sawa mama", "sawa mzee", kisha mwisho wa mwezi analeta bili ya kazi za ziada, na hakuna anayekumbuka nani aliagiza nini.

Siku ya kumwaga jamvi la ukumbi, yaani zege la sakafu, ndiyo iliyonifumbua macho. Msimamizi wetu alikuwa mwenzetu, anajitolea, na siku hiyo alikuwa msibani Same. Fundi akampigia mwingine, akajibiwa: "We mwaga, zege halilali." Msemo mtamu huo mtaani, lakini saiti ni hatari, kwa sababu zege likishamwagwa limefunika kila kitu. Nondo zililala chini kabisa juu ya nailoni, hazikuinuliwa kwa vijiwe. Maji yakaongezwa hadi mchanganyiko ukawa uji, ili kazi iende haraka. Halafu jamvi linalohitaji kumwagiliwa maji siku saba angalau, likamwagiliwa mbili. Nyufa zilipotokea wote tulimgeukia fundi. Ni kweli alikosea, lakini aliyepaswa kukagua kabla ya kumwaga alikuwa nani?

Ndiyo maana nasema usimamizi wa kujitolea ni ghali. Tumlipe injinia asiye mmoja wetu. Fundi apokee maagizo kutoka kwake tu, yaandikwe kwenye daftari la saiti, na zege lisimwagwe bila saini yake. Malipo yafuate hatua iliyokaguliwa, na kiasi kibaki mkononi mwetu hadi masika yapite tuone kama paa linavuja.

Wapo wanaonuna. Tulikuja kuishi kama ndugu, wanasema, leo tunawekeana saini? Lakini hao hao wako kwenye vikoba, ambako sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, na sijasikia wakilalamika kwamba hawaaminiani.

Kikao ni Jumapili. Nondo za mkanda zimeshakatwa, na jana jioni nilipita nikamwambia fundi asimwage chochote mpaka tukubaliane. Akaniitikia, "Sawa mama." Nilipofika barabarani ndipo nikakumbuka kwamba na mimi nimetoa agizo.