Eti Tanga tuwe na umeme wetu wenyewe?

Juzi baada ya alasiri tulikuwa barazani Ngamiani, kahawa na kashata kama kawaida yetu, afu jamaa mmoja anayependa kufuatilia mambo ya nje akaanzisha: eti kuna miji Marekani inapiga hesabu ya kuachana na kampuni kubwa za umeme ili mji uwe na shirika lake, na sisi Tanga mbona maji tuna mamlaka yetu, kwa nini umeme tusiwe nao? Basi, kahawa ikapoa hapo hapo. Kila mtu akawa injinia.

Mi mwanzoni nilikuwa upande wake kabisa. Hoja ya maji ina nguvu bwana, we angalia Tanga UWASA, 2024 walitoa hatifungani ya kijani, yaani walikopa kwa watu kwa ajili ya miradi ya maji, ya shilingi bilioni 53.12, riba asilimia 13.5, miaka 10, watu wakainunua mpaka ikapita lengo na ikaingia soko la hisa la Dar es Salaam. Mamlaka ya maji ya mkoani hiyo! Sasa kama mabomba yamekopeka, nguzo zina nini? Afu kuna ile jeuri yetu ya mto Pangani, kwamba umeme ni wetu tangu zamani, maana mtambo wa Hale upo tangu 1964, megawati 21, na New Pangani Falls ya 1995 ni megawati 68, na hata kabla ya hizo kulikuwa na mitambo ya miaka ya 1930 iliyokuwa inapeleka umeme kwenye mashamba ya mkonge.

Ila hapo kwenye mto tunajidanganya. Yale maji hayazaliwi Tanga, yanashuka toka Kilimanjaro na Meru, yanakusanywa bwawa la Nyumba ya Mungu, na huko juu watu wana mashamba yao wanamwagilia, kwa hiyo tukianza za "maji yetu" na wao wana la kusema. Halafu umeme ukishaingia gridi ya taifa hauna kabila. Na tangu bwawa la Nyerere kule Rufiji lianze kuwasha mitambo 2024, bwawa la megawati 2,115 kwa mitambo yake yote tisa, mjini kwetu shida ya kuzungumza siyo kuzalisha tena. Kilichobaki ni kazi ya chini: nguzo, transfoma, mita, na kukusanya hela. Yaani shirika la umeme la jiji maana yake jiji linunue umeme kwa jumla liuze rejareja, kama duka la mtaani linavyonunua unga.

Na biashara hiyo wala tusiende Marekani kuitafuta, majirani zetu wa Pemba wanaijua. Waya unatoka hapa hapa Tanga, ulizamishwa baharini 2010, kabla ya hapo Pemba walikuwa wanaishi kwa majenereta ya dizeli. ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, wananunua umeme TANESCO, wanauza wenyewe, mita zao, mafundi wao. Safi. Lakini kumbukeni 2017, Rais Magufuli alipoagiza wadaiwa sugu wakatiwe umeme, hata Zanzibar ilitajwa kwa deni. Na kumbukeni Unguja Desemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa baharini ulipoleta hitilafu wakakaa gizani kama miezi mitatu, hoteli zinaunguruma kwa majenereta, watu wanachota maji kwa ndoo maana pampu hazina umeme. Walikuwa na shirika lao wenyewe. Shirika lako mwenyewe haliwashi taa kama anayekuuzia jumla kakata au waya umekatika.

Afrika Kusini ndo usiseme. Kule manispaa kuuza umeme ni jambo la siku nyingi, Johannesburg wana City Power ya jiji, na madeni ya manispaa kwa Eskom, shirika la umeme la taifa lao, yamekuwa wimbo wa taifa. Kinachotokea ni rahisi kukielewa: hela ya umeme inaingia kila siku, mchana na usiku, halmashauri ina mashimo mengine ya kuziba, mtu anasema tuchukue kidogo tutarudisha. Mwenye kujua halmashauri zetu naye anajua hiyo "tutarudisha" inavyokuwa.

Jamaa yetu akatoa mifano ya waliofaulu, na ni kweli ipo. Winter Park kule Florida walipiga kura 2003, 2005 wakachukua waya zao, baadae wakaanza kuzifukia chini ya ardhi zisiangushwe na vimbunga. Hamburg Ujerumani, kura ya 2013 ya mji kurudisha waya mikononi mwake. Lakini Sacramento, California, walipiga kura 1923 wakaja kuanza kuuza umeme mwisho wa 1946, miaka yote hiyo katikati ni kesi! Na Boulder, Colorado walianza 2011, wakatumia zaidi ya dola milioni 20 kwa mawakili na wataalamu, 2020 wakapiga kura ya kurudi kwa kampuni ile ile waliyotaka kuiacha. Hao wana hela, sisi bado tunabishana kuhusu mitaro ya Ngamiani mvua ikinyesha.

Kitu kilichonigeuza mimi lakini siyo Boulder, ni bei. Bei ya umeme Bara ni moja, mtu wa Raskazone na mtu wa Kilindi ndani huko wanalipa sawa kama wapo daraja moja. Anayetumia kidogo, mpaka uniti 75 kwa mwezi, uniti ni shilingi 100 kabla ya makato, anayevuka kwenda daraja la kawaida ni 292. Hiyo mia haitoshi gharama, kuna mtu anaifidia, na wanaofidia ni kama kiwanda cha saruji cha Pongwe, bandari, mahoteli. Sasa toa Tanga mjini kwenye kapu na viwanda vyake, Kilindi na Handeni nani atawabeba? Sisi tutachekelea bei kushuka, shangazi yako kule kijijini analipa.

Na hapo hapo mjini kuna watu hiyo mia hawaijui. Niliwahi kupanga Makorora, vyumba sita luku moja, mama mwenye nyumba anachangisha kila wiki, na kwa sababu wote tunachota mita moja tunavuka 75 kabla mwezi haujafika katikati. Masikini sita wanalipa bei ya tajiri mmoja. Kama jiji lina hamu ya umeme lianzie hapo, lihesabu nyumba za hivyo, liwabane wenye nyumba waweke mita kwa kila mpangaji, liwafukuze vishoka. Haihitaji kununua hata nguzo moja. Utafiti wa kupima kama shirika la jiji litafaa nauunga mkono, hesabu ziwekwe wazi kila mtu asome, ila kununua waya, kwa sasa mi hapana.

Ba'mkubwa wangu, aliyepanda nguzo miaka na miaka mpaka anastaafu, alikuwa kanyamaza muda wote. Mwisho akauliza, "Wanangu, mji huu una transfoma ngapi?" Kimya. "Na ngapi zimeliwa na chumvi ya bahari?" Kimya tena. Akamwambia muuza kahawa amwongezee, jamaa wa Marekani akatoa simu akaanza kutafuta, mpaka adhana ya magharibi bado anatafuta.