Siku Tuliyogundua Dawa ya Kifafa

Jamani, mimi nimewahi kugundua dawa ya kifafa. Ilidumu tangu chai ya saa nne mpaka mzee wa nyumba ya panya alipoingia na ndoo yake ya pumba.

Tulikuwa wanafunzi Dar es Salaam, tunapima majani ya mjavikali, yule wanayemwita Clausena anisata, mti ambao waganga wengi wanautumia kwa kifafa. Harufu yake usipime. Ukiyafikicha asubuhi, mpaka abiria wa daladala ya jioni wanakugeukia.

Majani yanakaushwa, yanasagwa, yanalowekwa kwenye spiriti, kisha spiriti yote inatolewa kwa mashine hadi ibaki dawa nzito ya kunata. Usiku ule mashine ilikuwa zamu ya mwenzangu, na usiku uleule umeme ukakatika. Asubuhi nikaikuta chupa frijini imeandikwa kwa wino mwekundu: TAYARI. Mbona nyepesi hivi? Nampigia, hapatikani, yuko safarini kwenda harusini. Mwalimu akachungulia, akanusa, akapigwa na mjavikali puani, akasema, "Mnangoja nini?"

Basi tukaanza. Panya ananyweshwa dawa, anaachwa kidogo, halafu anachomwa pentilenetetrazoli chini ya ngozi, miligramu 85 kwa kilo ya uzito wake. Kemikali hiyo inaizuia GABA, kitulizo cha asili cha ubongo, isifanye kazi yake, na panya asiye na kinga degedege linamshika ndani ya nusu saa. Waliokunywa maji matupu likawashika. Waliopewa diazepamu, dawa inayojulikana ya kuzuia degedege, wakasalimika. Wetu wa mjavikali? Hata kutikisika sharubu! Wametulia, macho nusu, wanatutazama kwa upole usio wa kawaida.

Mwalimu alishika kiuno. Akaanza kutukumbusha Merritt na Putnam, madaktari wa Marekani waliopima dawa kwa paka kwa kuwapiga shoti ya umeme mpaka mwaka 1938 dunia ikapata fenitoini, dawa ya kifafa. Mimi kichwani nilikuwa nimeshachagua suti ya kupokelea tuzo.

Kilibaki kipimo kimoja tu: kijiti kinachozunguka. Panya mwenye akili timamu anakimbia juu yake bila shida. Akianguka, dawa imemvuruga viungo. Tukachukua wengine ambao hawakuchomwa sindano, tukawanywesha dawa, tukawapandisha. Wa kwanza, pu! Wa pili akakumbatia kijiti kwa mikono miwili, akazunguka nacho kichwa chini. Wa tatu alitembea vizuri sana, ila pembeni, mpaka akaishiwa kijiti.

Hapo ndipo mzee akaingia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu." Akaweka ndoo, akainamia wale walioanguka, akanusa mdomo wa mmoja wao. Akanyanyuka taratibu. "Mwalimu, samahani. Hawa wamelewa."

"Wamelewa nini?"

"Mimi nitajuaje mmewanunulia nini?"

Kimya. Mwalimu akaichukua ile chupa, akainusa tena, safari hii kwa muda mrefu. Umeme ulikata kabla spiriti haijatoka. Na pombe nayo inaipa nguvu GABA kama diazepamu, kwa hiyo degedege ingepita wapi? Kundi la maji nalo halikupewa hata tone la spiriti, ndiyo maana hesabu zetu zilipendeza vile. Panya wa gramu 25 alikuwa amemeza robo mililita. Unaona kidogo? Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni mililita 600, na bila nyama choma.

Mwalimu akakumbuka kwamba wakati wa chai alishamwambia mkuu wa idara. Akatoka bila kuaga.

Kesho yake asubuhi nikaenda kuwaangalia. Chupa yao ya maji ilikuwa tupu, wote wamejikunyata kona moja, na mmoja alijifukia kwenye pumba nilipofungua dirisha. Mzee akawatazama kwa huruma ya mtu anayeijua hali hiyo.

"Hawa," akasema, "wangepata supu."